Sentensi Waliyoinyoosha Bila Wewe

Namsifu, rafiki yangu,

Tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Nilikuwepo Suji wakikufukia, nikaona udongo mwekundu wa kwenu ukipanda hadi ukawa kichuguu, na wanakwaya wakihangaika na mwavuli kwa sababu ya manyunyu. Hali yangu mimi ni hii: niko nyumbani Makanya, nimekaa barazani mchana kweupe, upepo unaleta vumbi la jasi kutoka machimboni anakofanya kazi baba, na kila nikiandika mistari miwili napangusa karatasi. Mtihani wa kidato cha sita uko mlangoni nami siko shule. Nimesimamishwa. Najua ungecheka kwanza, halafu ungeuliza sababu.

Sababu ni insha yako. Wameigusa, Namsifu. Wameichukua ukiwa huwezi kusema kitu, wakaigeuza, wakaiweka kwenye fremu ya kioo. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye huwezi hata kuisoma. Nitakueleza kwa mpangilio, maana hukupenda mtu anayeanza kwa kupiga kelele.

Unakumbuka tulivyoanza? Kidato cha tano, mwalimu wetu wa Kiswahili, yule tuliyempa jina la Hitimisho kwa sababu hata akimtuma mtu chaki humaliza kwa kusema "kwa hitimisho", alielemewa na insha zetu za uhakiki. Darasa kubwa, yeye mmoja. Akasema Ijumaa baada ya vipindi tubadilishane, kila mtu asome ya mwenzake na kuirekebisha kabla haijamfikia. Akauita msaragambo wa insha, kama ule wa nyumbani wa kutengeneza barabara, kila mmoja aje na jembe lake. Ijumaa za mwanzo tuliandikiana "nzuri sana" na "hongera dada", tukachoreana alama za vema ukurasa mzima, tukakimbilia bombani kufua. Wewe ukanuna. Ukasema huu ni msaragambo gani, watu wamekuja na majembe ya kupigia picha?

Babu yako alikuwa mzee wa baraza kule Suji, akisikiliza kesi za mipaka na za zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia ambalo nililiona kwa mara ya kwanza siku ya mazishi yako. Watu hutucheka sisi Wapare kwamba tunapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wewe hukuona aibu. Ulisema babu alikuwa na swali moja kwa kila aliyekuja na dai: shahidi wako yuko wapi? Ukalileta swali hilo kwenye meza zetu za Ijumaa, na ndipo msaragambo ukaanza kweli.

Msomaji alisoma insha ya mwenzake kwa sauti, mwenye insha akae kimya asikie mahali inapochechemea. Hakuna kalamu ya wino, penseli tu. Palipokuwa na dai lisilo na ushahidi kutoka kitabuni, unaandika pembeni "Shahidi?" na meza nzima inagonga mpaka mwenye insha aonyeshe ukurasa au akubali kufuta. Na lile la mwisho, ambalo ulilishikilia kuliko yote: usimwandikie mwenzako sentensi. Ulisema insha ni shamba la mtu, unaweza kumwambia mfereji wake umepasuka, lakini huwezi kuingia ukampandia mahindi yako.

Mimi ulinitesa. Niliandika, kama tunavyoandika sote, "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa". Ukachora mshale ukaandika, "Kiasi gani? Debe?" Darasa lilinicheka wiki nzima. Mpaka leo siwezi kuandika neno kiasi bila kuliona debe. Hata sasa nimeliandika nikatabasamu, halafu nikakumbuka kwamba nakuandikia marehemu, tabasamu likaniuma.

Sasa ile hadithi ya msichana na mto. Unajua nina sababu ya kuirudia. Msichana anatumwa ng'ambo wakati wa masika, anamwambia shangazi kwamba mto umejaa, anamwambia mjumbe, anamwambia muuza duka, na kila mmoja anamwambia aende tu. Anakwenda, maji yanamchukua. Nondo zote, yale maelezo ya mtihani tuliyotoa nakala mjini Same, zinasema kilichomuua ni hatima. Sote tuliandika hatima. Hitimisho mwenyewe alitusomea hatima ubaoni. Wewe peke yako uliandika hivi, na naandika kwa kichwa kwa sababu mimi ndiye niliyekusomea insha hiyo kwa sauti Ijumaa tatu mfululizo mpaka ikaacha kuchechemea:

"Mto haukumuua. Mto ulikuwa mto tu. Waliomuua ni wale aliowaambia."

Niliandika pembeni "Shahidi?" maana nilidhani nimekupata. Ukafungua kitabu pale shangazi anaposikia kwamba mto umejaa, halafu anainuka kwenda kufunga dirisha mvua isiingie ndani. Ukaniuliza, kama hakuamini kwamba kuna maji, dirisha alilifungia nini? Nikafuta penseli yangu. Hitimisho alikupa alama za juu kuliko sote, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu, "Hoja nzito." Alikuwa anakupenda, Namsifu. Hilo ndilo gumu kulieleza.

Maana ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu wiki ile.

Wewe unayajua haya, lakini acha niyaandike, kwa sababu wapo wanaosema hayakuwa. Kiangazi kilikuwa kimekausha uwanja, upepo wa Same unabeba vumbi tangu alfajiri, na kile kipampu chako cha kuvuta dawa ya pumu kilikuwa kimekwisha. Ulikwenda kwa matroni, akasema ruhusa ya hospitali hutolewa na mwalimu wa zamu. Tukaenda wote wawili. Ulisimama mlangoni umeshika fremu ya mlango, ukamwambia, "Mwalimu, kifua kinabana na dawa imekwisha, naomba niende hospitali." Hakuinua kichwa. Akasema, "Namsifu, kifua chako kinajua sana ratiba ya mtihani wa moku." Walimu wengine wakacheka. Hata wewe ulicheka kidogo, kwa heshima, ukakohoa. Ulirudi tena kesho yake, akakuambia subiri mtihani uishe. Mara ya tatu ulikwenda kuomba usikimbie mchakamchaka, akasema mazoezi ndiyo dawa ya kifua.

Ulianguka karibu na magoli. Walio mbele hawakujua, wakaendelea kuimba na kupiga mguu chini, na mimi nikawa napiga kelele juu ya wimbo. Ulikuwa unanishika mkono kwa kucha. Gari lilipokuja ulikuwa umeshaniachia. Sitaandika zaidi hapo.

Msibani nilijifunza jinsi watu wanavyoweza kusema maneno mazuri. Mkuu wa shule alisema ulikuwa nyota. Hitimisho alisimama na shati jeusi, akalia machozi ya kweli, nilimwona, na afadhali angekuwa anaigiza. Akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Sawa, haina. Na kazi ya mwalimu wa zamu, je? Nilitaka kumwona mama yako, lakini sisi wanafunzi tulikalishwa nyuma ya turubai, na tulipomaliza kuweka maua tukapakiwa garini hata mikono hatujanawa. Matroni akatuambia njiani tusimwongezee mama uchungu kwa maneno maneno. Kumbe ndani ya nyumba mama yako alikuwa ameshaambiwa kwamba hukuwahi kulalamika, kwamba ugonjwa ulikuja ghafla kama mwizi.

Shule ikaendelea. Kitanda chako walimpa msichana wa kidato cha tano anayekoroma. Ijumaa zimerudi kuwa za kufua. Zile insha bado tunabadilishana, lakini watu wanaandikiana "nzuri sana" tena, na niliyemwandikia "Shahidi?" alinijibu kwamba Namsifu amekufa, tupumzike. Mtu tuliyekuwa tukila naye makande sahani moja! Nikaondoka, maana ningemjibu kwa kofi.

Kisha yakaja mahafali. Hitimisho aliniita akasema shule itakuenzi, insha yako itachapwa, itawekwa fremu, mama yako atakabidhiwa mbele ya wageni, na mimi kama rafiki yako nitaisoma. Nilifurahi, Namsifu. Nililia kwa furaha mbele yake. Niliomba nakala nijiandae, akasema haina haja, naijua. Nilipewa asubuhi ya siku yenyewe, watu wanapanga viti.

Sentensi yako haikuwepo. Palikuwa na hii: "Mto haukumuua. Kilichomuua ni hatima, ambayo hakuna binadamu awezaye kuikwepa." Na dirisha wamelitoa lote. Shangazi hafungi tena kitu.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Nimeinyoosha kidogo tu, Nakunda. Kuna wageni, kuna mzazi mwenye msiba." Nikamwambia sheria ya Ijumaa anaijua, mwandishi ndiye anayebadilisha sentensi yake. Akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Mwandishi hayupo, mwanangu. Nani atanyoosha?"

Wewe ungemjibu nini? Nilikwenda nikakaa kwenye kiti changu, nikatoa penseli kwenye mfuko wa sketi, nikaandika pembeni mwa sentensi ile neno letu. Waliponiita nilipanda. Nilisoma utangulizi wako vizuri, kwa sauti yako, na watu wakatulia. Nilipofika pale nikasoma walichoandika mpaka nukta, nikageuka kwa Hitimisho aliyekaa na wageni, nikamuuliza kwenye maikrofoni, "Mwalimu, hapa shahidi wako yuko wapi?"

Nikasubiri meza zigonge. Wote walikuwepo, majogoo wetu wa Ijumaa, wamevaa majoho ya kukodi. Hakuna aliyegonga. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikasema tena, "Namsifu hakuandika hatima. Aliandika waliomuua ni wale aliowaambia." Maikrofoni ikazimwa hapo. Mshereheshaji akasema muda si rafiki, muziki ukawekwa, mkuu wa shule akampa mama yako fremu huku akimpigia makofi, na mama yako, kwa adabu ya kwenu, akapiga goti kidogo na kushukuru.

Kabla ya chakula nilikuwa nimeshaandikiwa barua. Kosa: kumdhalilisha mwalimu mbele ya wageni.

Nilikuwa langoni na tranka langu nikisubiri bodaboda nilipomwona mama yako anakuja, peke yake, amekumbatia fremu kama mtoto mchanga. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaiegemeza fremu kwenye ukuta. Nikadhani atanisema kwa kumharibia siku. Akasema, "Hebu nisomee hiyo yake. Ile uliyosema aliandika yeye." Nikamsomea kwa kichwa, na shangazi, na dirisha. Alisikiliza akitazama barabarani. Akauliza, "Na Namsifu wangu alimwambia nani?"

Nikamwambia. Matroni. Mwalimu wa zamu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia nani alikuwa zamu. Nikamwambia kuhusu ratiba ya moku, na walimu walivyocheka. Hakulia. Alifunga kanga yake upya kiunoni, akafungua tena, akafunga. Akasema, "Nimewashukuru. Umeona? Sasa hivi nimewapigia goti nikawashukuru." Alirudia hilo mara nyingi, na kila mara lilimtoka kwa sauti ya chini zaidi. Nilipopanda pikipiki alikuwa bado amesimama pale, na fremu iko ukutani, hakuigusa.

Wiki iliyopita nilipanda kwenu. Baba hakutaka. Anasema msiba wa kujitakia hauna kilio, anasema amevuta vumbi la jasi miaka yote hii ili mimi nifanye mtihani, siyo nifanye vita. Ana haki ya kusema hivyo, anakohoa vibaya siku hizi. Lakini nilikwenda. Mama yako alinipakulia makande na chai ya tangawizi, tukala jikoni, na wajomba zako wakaja mmoja mmoja kumshauri. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema. Hutamrudisha. Mmoja akacheka akasema, "Dada, Mpare na kesi! Utauza ng'ombe kwa ajili ya maneno ya watoto wa shule?" Mama yako alikuwa anachochea moto. Akasema, "Ng'ombe yupo. Namsifu ndiye hayupo." Wakamaliza chai yao wakaenda.

Amepeleka malalamiko ofisi ya elimu ya wilaya. Hataki fidia, amewaambia hivyo mara mbili na hawamwamini. Anataka iandikwe kwamba uliomba, na uliyemwomba ni nani. Basi. Wamepanga kumsikiliza yeye, matroni na Hitimisho wote siku moja. Matroni ameshasema hakumbuki. Hitimisho, nasikia, amesema ulikuwa mwanafunzi wake bora na maneno haya yanamvunja moyo. Wenzetu niliowapigia simu wanasema mitihani iko karibu, niwaelewe. Nawaelewa. Sitawasamehe, lakini nawaelewa.

Juzi shule ilimtuma mtu na barua ya kuomba radhi, imeshachapwa, ya kwangu kutia saini tu. Nikiisaini narudi bwenini kesho, naingia kwenye mazoezi ya mwisho na wenzangu. Nisiposaini nitakwenda kufanya mtihani nikitokea nyumbani, nikirudi kila siku kwa basi la Same, kama mgeni. Barua inasema, "Nilisema mambo yasiyo ya kweli kwa sababu ya majonzi." Wameninyooshea na mimi, unaona? Na mimi nipo, naishi, napumua, bado wamenipandia mahindi yao. Baba aliweka kalamu mezani akatoka nje kunipisha. Nilikaa nayo mchana kutwa. Nilimwogopa baba kuliko mkuu wa shule. Halafu nikatafuta penseli, nikaandika neno moja pembeni mwa sentensi hiyo, nikairudisha kwa yule yule aliyeileta.

Baba alilisoma neno hilo kabla barua haijaondoka, hajasema nami tangu hapo. Ila asubuhi hii, kabla ya kwenda machimboni, aliacha nauli ya Same chini ya bilauri. Sikuthubutu kumuuliza kama ni ya mtihani au ni ya kule kwingine, ofisi ya elimu.

Namsifu, nina uchungu nawe pia. Kwa nini ulicheka walipokucheka? Kwa nini ulirudi bwenini kwa adabu? Wewe uliyekuwa ukimkatalia kila mtu neno moja dogo, mbele ya mlango ule uliinamisha kichwa ukasema "asante, mwalimu". Nakuuliza nikijua hutajibu. Labda nawe ulidhani watu wazima wana mashahidi wao mahali fulani ambao sisi hatujawaona.

Fremu ile mama yako ameiacha palepale langoni. Sijui ni nani aliyeichukua. Insha yako nimemwandikia mama yako upya kwa mkono wangu, neno kwa neno, dirisha likiwemo, na palipokuwa pamebaki kosa lako la koma nimeliacha, si shamba langu.

Lala salama, dada. Udongo wa Suji ukufae kuliko vumbi la uwanja ule. Siahidi kwamba tutashinda. Nimewaona wanavyomcheka anayesimama mlangoni mwa ofisi. Ninachokuahidi ni hiki tu. Siku hiyo mama yako atasema dai lake, nao watamuuliza kwa dharau, kama wanavyowauliza akina mama wa milimani, shahidi wako yuko wapi.

Nitasimama.

Wako,
Nakunda